Baada ya Kupona: Vikundi vya Kusaidiana vya Watu Wanaoishi na Mapafu Yaliyoharibika

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waratibu wa kifua kikuu na waratibu wa magonjwa yasiyoambukiza wa halmashauri, Moshi

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze umuhimu wa vikundi vya kusaidiana kwa watu wenye magonjwa sugu ya mapafu, kwa dakika 30. Umuhimu huo sidhani kama una mpinzani humu ukumbini, kwa hiyo nitaupitia upesi. Naomba ruhusa ya kutumia muda mwingi kwenye jambo moja ambalo, kwa nilivyoona, ndilo linalofanya vikundi hivi visizaliwe kabisa au vife vikiwa vichanga. Nitakayosema ni maoni yangu kama mtumishi wa siku nyingi wa kliniki ya kifua. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi ninayotoka.

1. Maana na hali ilivyo

Ugonjwa sugu wa mapafu ni hali inayopunguza uwezo wa mtu kupumua kwa miezi na miaka, na ambayo kwa kawaida haiondoki yote. Humo imo pumu, umo ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, imo silikosisi inayoletwa na vumbi la mawe, zimo njia za hewa zilizotanuka na kujaa makohozi, na yamo makovu na mashimo yanayobaki baada ya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa peke yake uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba kati ya wanaokufa nao kabla ya miaka 70, karibu 9 kati ya 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Vyanzo tunavijua: sigara, moshi wa kuni na mkaa, vumbi la kazini, na kifua kikuu kilichochelewa kutibiwa.

Kikundi cha kusaidiana ni watu wenye hali moja wanaokutana kwa utaratibu wao wenyewe ili kufundishana, kutiana moyo, kusaidiana kwa fedha na kudai huduma. Hayo mnayajua, naendelea.

2. Kikundi huzaliwa kwenye benchi

Tuna bahati ya kuwa na mifano ya karibu. Watu wanaoishi na VVU walijenga vikundi vyao nchi nzima, wakaviunganisha kwenye Konga za wilaya, na leo halmashauri haiwezi kupanga jambo lao bila kuwaita. Waliougua kifua kikuu nao wana mfano wa kujivunia: kule Temeke, Dar es Salaam, kikundi cha MUKIKUTE kilianzishwa na watu waliopitia dawa wenyewe, wakawa wanapita majumbani kuwatafuta wanaokohoa na kuwasindikiza hadi kituoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini vikundi vya VVU viliota hata pale ambapo hapakuwa na mradi wala posho, na vya mapafu haviwezi kuota hata pale tulipopalilia. Jibu nililolipata ni la kawaida sana. Mtu wa VVU ana siku yake ya kliniki. Mwenye kisukari anayo, wa presha anayo. Wanakaa benchi moja kila mwezi wakisubiri faili, wanaulizana hali, wanapeana namba za simu, mmoja akikosekana mwenzake anauliza. Afisa ustawi anapokuja kuwaambia waunde kikundi, anakuta kikundi kipo tayari. Anachowaongezea ni mwenyekiti, mweka hazina na daftari.

Mtu wa mapafu, ukiacha wachache wenye pumu, hana siku ya kliniki. Anakuja akibanwa, anapewa mvuke wa dawa, anapewa vidonge vya aminofilini na antibaiotiki, anarudi nyumbani. Akibanwa tena atakuja siku nyingine, atahudumiwa na mtu mwingine. Hana benchi, wala mwenzake hampati.

3. Rejista inapofungwa

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wenu.

Mpango wetu wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Daktari Karel Styblo, Mcheki aliyefanya kazi na Muungano wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, alishirikiana na wataalamu wa hapa Tanzania kujenga utaratibu ambao leo unatumika duniani kote. Kila mgonjwa anaandikwa kwenye rejista ya wilaya, na kila robo mwaka kundi lililoanza dawa pamoja linafuatiliwa mpaka ijulikane kila mmoja ameishia wapi: amepona, amemaliza matibabu, amefariki, amepotea, matibabu yameshindikana, amehamishwa. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo uliokomaa hapa kwetu na kuutangaza kwa mataifa mengine. Nasema haya ili isieleweke kwamba naidharau rejista. Imeokoa maisha ya watu wengi mno, na nchi hii ina haki ya kujivunia kazi hiyo.

Lakini rejista ile ina safu ya mwisho, na baada ya safu hiyo hakuna ukurasa.

Mgonjwa anayeandikwa kuwa amepona ni yule ambaye makohozi yake hayana tena bakteria mwishoni mwa dawa, na kabla ya hapo yalishapimwa yakaonekana safi angalau mara moja. Hilo ni jambo kubwa, na ni sahihi kulisherehekea. Hata hivyo, safu hiyo inatuambia habari za bakteria tu. Pafu lenyewe haituambii lina hali gani. Pafu lililokuwa na shimo bado lina shimo. Njia za hewa zilizovutwa na makovu hazirudi mahali pake. Katika mashimo hayo hukua ukungu unaomfanya mtu akohoe damu miaka kadhaa baadaye. Mwaka 2019 jarida la Lancet Infectious Diseases lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuonyesha kwamba waliomaliza dawa za kifua kikuu wanakufa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya wenzao katika jamii. Mwaka huohuo wataalamu walikutana Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu maisha baada ya kifua kikuu. Dunia imeanza kuliona jambo hili. Sisi tunaokaa na wagonjwa tumeliona siku nyingi.

Niwape mfano wa mtu mmoja, bila jina na bila kituo. Ni mwana-Apolo, mchorongaji wa Mererani, aliyefanya kazi kwenye mashimo ya tanzanaiti tangu ujana. Mnajua kazi ya kuchoronga mwamba pakavu: vumbi la jiwe na la madini ya rangi ya penseli hujaa shimoni hadi mtu anatoka haonekani sura. Akaugua kifua kikuu, na si ajabu, kwa sababu silika iliyokaa kwenye mapafu huongeza mara kadhaa hatari ya kuugua. Akameza dawa miezi 6 bila kukosa siku. Akaandikwa kuwa amepona, faili likafungwa. Miezi michache baadaye alikuwa hawezi kupanda kilima kidogo cha kwenda dukani. Akarudi kituoni. Picha ya kifua ikaonyesha makovu, na kwa kuwa picha ya makovu na picha ya ugonjwa mpya hufanana kwa macho ya haraka, akaanzishiwa dawa upya, bila bakteria yeyote kuonekana. Akamaliza. Akaandikwa kuwa amemaliza matibabu. Akaendelea kuhema. Mara ya tatu ndipo mtu mmoja alipomuuliza kazi yake.

Wenzangu waratibu wanajua kwamba mtu huyu hayuko peke yake. Wanajua pia kwamba mashine ya GeneXpert husoma vinasaba, na vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa vinaweza kuonekana muda mrefu baada ya dawa, hivyo kipimo cha namna hiyo kwa mtu aliyetoka kwenye matibabu kinahitaji kusomwa kwa uangalifu na kuthibitishwa kwa kuotesha. Miongozo inasema hivyo. Ila mhudumu wa zahanati mwenye foleni ya watu 60, mbele ya mtu anayekohoa na anayesema alishawahi kuugua, atafanya lile analoona ni salama.

Sasa mtazameni mtu huyu kwa upande wa maisha yake. Kwa jirani bado ni mgonjwa wa TB, kwa sababu anakohoa. Kwa hospitali si mgonjwa tena, kwa sababu makohozi yake ni safi. Kikombe chake kimetengwa nyumbani kwa ugonjwa ambao hana, na ugonjwa alio nao haujaandikwa popote. Akienda kwa mratibu wa kifua kikuu, anaambiwa kwa upole kwamba ameshamaliza. Akienda kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, anaambiwa kwa upole vilevile kwamba historia yake ni ya kifua kikuu, arudi kule. Wote wawili wanazungumza kwa mujibu wa mwongozo wao, na wote wawili leo mmo humu ukumbini. Ninawaomba mtazamane.

Jambo hili nimeliandika kwenye taarifa za robo mwaka mara nyingi. Nimelisema kwenye vikao vya timu ya uendeshaji wa huduma za afya. Majibu yamekuwa ya heshima: limepokelewa, litafanyiwa kazi, liko kwenye mchakato. Natambua kwamba rejista ni ya kitaifa na kwamba mtu wa wilaya hawezi kuchora safu mpya kwa kalamu yake. Natambua kwamba viashiria vinavyodaiwa na wafadhili haviulizi pumzi. Lakini katika muda wote huo wa mchakato watu wameendelea kutoka kwenye mlango ule wakiwa na karatasi ya kupona mkononi, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna wenzao.

Hilo ndilo linalohusu semina hii moja kwa moja. Hatuwezi kuunda kikundi cha watu ambao hawajahesabiwa. Tukipewa leo fedha za kuanzisha vikundi vya mapafu katika kila tarafa, tutawaita akina nani? Tutatangaza msikitini na kanisani, watakuja wenye mafua, na yule anayehema atabaki nyumbani kwa sababu hajui kwamba hali yake ina jina. Siku ya kumaliza dawa ndiyo siku pekee ambayo mfumo unamshika mkono mtu mwenye pafu lililoharibika na unajua anapokaa, namba yake ya simu na jina la ndugu yake wa karibu. Baada ya siku hiyo tunamwacha, halafu tunatafuta mradi wa kumtafuta.

Wapo wasiopita hata kwenye mlango huo. Mama wa kijijini aliyepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha kwa miaka 40 hakuwahi kuwa na kifua kikuu, kwa hiyo hayumo hata kwenye rejista iliyofungwa. Mara nyingi tunamkuta akiwa msindikizaji: amemleta mumewe, naye anakohoa pembeni, hakuna anayemuuliza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, na litawakinga mabinti. Mama huyu pafu lake limeshaungua, na anahitaji kitu kingine.

4. Kikundi cha watu wanaohema

Tuseme tumewapata. Nini kifanyike humo ndani? Hapa nina matumaini, kwa sababu mambo yenye faida kubwa kwa mapafu yaliyoharibika yanafanyika vizuri zaidi kikundini kuliko chumba cha daktari.

La kwanza ni mazoezi. Mtu anayehema huacha kutembea, misuli inalegea, na misuli iliyolegea inamfanya aheme zaidi kwa kazi ileile. Mzunguko huo unakatwa kwa mazoezi yanayopimwa, walau mara 2 kwa wiki chini ya usimamizi, kwa wiki 6 hadi 8. Wenzetu wa Kampala waliwajaribu watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu kwa mpango wa namna hii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha walitembea mbali zaidi na kuhema kidogo. Havikuhitajika vyombo vya gharama. Kipimo cha kutembea dakika 6 kinahitaji mita 30 za ardhi tambarare, vigingi viwili na saa. Pasipo na nafasi, mtu ahesabiwe anainuka kitini mara ngapi kwa dakika 1. Oksimita ya kidoleni iwepo, ili mwenye oksijeni inayoshuka apumzishwe. Anayeongoza anaweza kuwa muuguzi aliyefundishwa, na baadaye mwanachama mwenyewe chini ya jicho la muuguzi.

La pili ni kupumua na kutumia dawa. Kutoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza moto usiotaka kuwaka, humpunguzia mtu hofu kwenye ngazi na usiku wa manane, na hujifunza haraka akimwona mwenzake anafanya. Pampu ya dawa wengi wanaipiga mdomoni na dawa inaishia kooni. Chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu na kuzibwa kwa gundi, inafanya kazi ya chombo cha dukani. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walilithibitisha hilo kwa watoto wenye pumu na kulichapisha mwaka 1999. Kikundi kinaweza kutengeneza chupa 20 kwa asubuhi moja. Nimeona wanachama wakikaguana namna ya kuvuta dawa kwa ukali ambao muuguzi asingethubutu kuutumia, na wakaelewana.

La tatu ni kujua dalili za hatari: makohozi kubadilika rangi na kuongezeka, kuhema hata umekaa, midomo kuwa ya buluu, kukohoa damu. Mwenye kikundi hupigiwa bodaboda na mwenzake. Asiye nacho husubiri kuche.

Sasa tahadhari. Kikundi hiki kisiendeshwe kwa kunakili vikundi vingine. Mkutano wa ghorofani unawafukuza wale hasa tuliowaandalia. Uwanja wa vumbi, ukumbi uliotoka kupigwa rangi, kivuli kilicho karibu na mama ntilie anayewasha mkaa, vyote havifai. Viti viwe na egemeo. Muda usiwe alfajiri wakati baridi ya huku kwetu inabana vifua, wala usiwe mrefu kupita saa 2. Mikutano ifanyike nje au penye hewa inayopita, na kabla ya kuanza kila mtu aulizwe kama kikohozi chake kimebadilika, ana homa za jioni au amepungua uzito. Akisema ndiyo, apimwe kwanza. Kikundi cha wenye mapafu mabovu hakitakiwi kuwa mahali pa kuambukizana kifua kikuu, na jirani akiona utaratibu huo unafuatwa, naye hupungukiwa na hofu.

Kuna pia suala la nauli. Aliye na hali mbaya kuliko wote ndiye asiyefika, na mahudhurio mazuri yanaweza kutudanganya. Kikundi kinachoripoti kwamba wote waliokuja wanaendelea vizuri kiulizwe habari za wasiokuja.

Na lipo suala la vifo, ambalo huwa hatuliweki kwenye miongozo. Katika vikundi hivi mwenyekiti hufariki. Mweka hazina hufariki. Mara mbili katika mwaka mmoja kikundi kinatoka makaburini, na wanaobaki wanaangaliana wakijua safari ni ya wote. Vikundi vingi huvunjika hapo. Vinavyopona ni vile vyenye viongozi wa akiba, vyenye daftari lisilokaa nyumbani kwa mtu mmoja, na vinavyopata mtu wa kuja kukaa nao baada ya msiba: afisa ustawi, shemasi, shehe au muuguzi wao. Si lazima aje na somo. Aje tu akae nao.

Kuhusu fedha nitasema machache, ingawa zinauma. Vikundi vilivyoanzishwa kwa posho hukoma posho ikikoma. Vilivyoanza kwa kuweka na kukopa, hata kwa hisa za shilingi 1,000, huendelea, kwa sababu mtu ana chake ndani. Lakini tuangalie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 ni za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mchorongaji wa zamani mwenye miaka 50 hawezi kuchimba, hawezi kulima, si mwanamke, si kijana, na kwa kuwa ana mikono na miguu yote miwili, hakuna anayemwandika kuwa mlemavu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao unamhudumia mwenye mwajiri. Mwana-Apolo aliyefanya kazi kwa kula na kusubiri mgawo wa mawe hana karatasi ya kuonyesha. Afrika Kusini wachimbaji wa dhahabu waliopata silikosisi na kifua kikuu walifika mahakamani, na mwezi Julai 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano yaliyozaa mfuko wa Tshiamiso wa kuwalipa. Hata kule, mchimbaji bila kumbukumbu za kazi na za hospitali ana kazi ngumu. Mazingira yao si yetu. Ninachotaka tukione ni kwamba daftari la kikundi lenye jina, shimo alilofanyia kazi, miaka na vipimo linaweza siku moja kuwa ushahidi pekee.

5. Mapendekezo

(1) Mgonjwa yeyote anayemaliza dawa za kifua kikuu apimwe pumzi kabla faili halijafungwa. Spirometa ikiwepo itumike. Isipokuwepo, tutumie maswali ya kuhema, oksimita, na kuinuka kitini kwa dakika 1. Haya hayahitaji bajeti mpya.

(2) Wizara iombwe kuongeza safu moja kwenye rejista baada ya safu ya matokeo: hali ya mapafu mwishoni mwa matibabu, na mahali alipoelekezwa. Nchi iliyoufundisha ulimwengu kuhesabu wagonjwa mpaka mwisho wa dawa haiwezi kushindwa na safu moja.

(3) Wakati tukisubiri safu hiyo, na nasisitiza wakati tukisubiri, kila mratibu awe na daftari la pembeni la kuandika mambo hayo.

(4) Kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza itenge siku moja kwa mwezi kwa ajili ya mapafu, yenye tarehe inayojulikana. Kikundi kitaota hapo chenyewe, kama nilivyosema kuhusu benchi. Mratibu wa kifua kikuu na wa magonjwa yasiyoambukiza wasaini kwa pamoja nani anampokea mgonjwa, ili asirudishwe mlango hadi mlango.

(5) Asianzishiwe mtu dawa za kifua kikuu kwa mara ya pili au ya tatu kwa picha peke yake. Makohozi yaoteshwe, na pale penye utata tuwaulize wenzetu wa Kibong'oto, hospitali iliyobeba kazi hii tangu 1926 na iliyo jirani na machimbo.

(6) Kila anayekohoa aulizwe kazi yake na jiko lake. Maswali haya mawili yaingie kwenye fomu. Msindikizaji naye aulizwe.

(7) Pampu za salbutamo na za kupunguza uvimbe wa njia za hewa ziwepo vituo vya afya, si hospitali ya mkoa peke yake. Zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, kitita kisimsahau mtu wa mapafu, na mazoezi ya mapafu yahesabiwe kuwa tiba.

(8) Vikundi vikutane chini, penye hewa, mbali na moshi, kwa muda mfupi. Wanachama waulizwe dalili za kifua kikuu kila mkutano.

(9) Kila kikundi kiwe na manaibu wa viongozi wote, nakala ya daftari kituoni, na mpango wa kuwatembelea wasiofika. Halmashauri itoe mtu wa kukaa nao wakati wa msiba.

(10) Maafisa maendeleo ya jamii wasaidie vikundi kusajiliwa. Kamati zinazotathmini ulemavu chini ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zipokee vipimo vya mapafu kama zinavyopokea vya macho na masikio, ili zile asilimia 2 za mikopo ziwafikie watu wa mapafu.

(11) Wamiliki wa vitalu wachoronge kwa maji, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi aungwe mkono kulisimamia hilo hadi kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la silika. Kila mwana-Apolo apigwe picha ya kifua anapoanza kazi na baada ya hapo kwa utaratibu, na majibu apewe mwenyewe mkononi.

(12) Narudia pendekezo la kwanza na la tatu kwa sababu hayo mawili hayahitaji idhini ya mtu yeyote aliye nje ya ukumbi huu. Nimeandaa fomu ya ukurasa mmoja: jina, simu, kazi, jiko, oksijeni, idadi ya kuinuka kitini, na swali kama mtu yuko tayari kuunganishwa na wenzake. Nakala ziko kwa katibu wa semina. Kila mratibu aondoke nazo, na aanze na wagonjwa wanaomaliza dawa mwezi huu.